Maneno Saba ya Kuulizia

14 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na Mama naye mzima pamoja na magoti yake. Sisi tunaendelea. Wifi yako bado anaamka alfajiri kwenda kiwandani kupanga samaki kwenye makopo, na kile kikohozi kimemtoka. Mimi mgongo unauma, lakini fundi vigae asiyeumwa mgongo huyo anadanganya watu.

Najua umeshangaa. Mtu ana simu, mnaongea kila Jumapili, halafu anakuletea barua ya bahasha kama enzi za babu. Sababu ni mwanangu Redio. Simu yangu iko mikononi mwake tangu ajue kusoma. Yeye ndiye anasoma ujumbe, yeye ndiye anajibu, yeye ndiye anaongea na watu wa umeme. Na kuta za nyumba yetu ni nyembamba, ukimeza mate chumbani sebuleni wanasikia. Hili ninalotaka kukuambia sitaki alisikie. Ukinijibu tumia anwani ya kazini, nimeiandika nyuma ya bahasha. Mtunza stoo atanipa mkononi.

Sasa nisikilize, na usicheke. Au cheka kwanza umalize, halafu nisikilize. Mimi Kifaransa sikijui.

Miaka saba, mdogo wangu. Kazini mtu anaweza kuishi bila kujua. Msimamizi ananyoosha kidole, mimi napiga vigae. Nikiambiwa jambo refu natabasamu, nasema *oui*, ndiyo. Hivyo ndivyo mwezi wa kumi na moja nilivyopiga vigae jiko zima ambalo halikuwa langu. Msimamizi alisimama kwenye korido, milango miwili mbele yake, akasema maneno mengi, nikasema *oui*, nikaingia mlango wa kushoto. Siku mbili nimeinama, nimepima kwa uzi na pima maji, kazi imenyooka hadi najipongeza mwenyewe. Kumbe lile jiko lilikuwa la kuwekewa sakafu ya mbao. Nilibomoa kigae kimoja kimoja kwa nyundo na tindo, wenzangu wakipita wanachungulia mlangoni. Neno moja tu lingeniokoa: wapi.

Lakini si hilo linalonikosesha raha. Mwezi huohuo tuliitwa shuleni kwa Redio. Yuko darasa la mwisho la shule ya msingi, unajua. Mwalimu wake, mama mmoja wa miwani, aliongea robo saa nzima, mikono inakwenda, mara anamtazama mtoto, mara ananitazama mimi. Alipomaliza nikamuuliza Redio amesema nini. Akajibu, "Anasema naendelea vizuri, ila nipunguze maneno darasani." Robo saa yote imeishia hapo? Lakini ningemuuliza nani zaidi?

Juzi natafuta soksi, nikakuta karatasi ya shule imekunjwa mara nne ndani ya soksi ya Redio. Nilichoweza kusoma ni jina lake na tarehe 30 Aprili, imepigiwa mistari miwili chini. Nikamuuliza. Akasema ni mambo ya chakula cha shule. Kesho yake nikaitafuta tena, haipo.

Nadhani wanataka kumfukuza. Au amefeli, anaficha. Wapo watu wa nyumbani hapa wanaojua lugha, lakini mimi ndiye mwenyekiti wa umoja wetu. Mgeni akifika, mimi ndiye nampeleka ofisini, na Redio namchukua, nawaambia watu, "Namleta mtoto ajizoeze." Nitakwenda kwa nani nimwambie nisomee?

Basi nifundishe kuuliza. Lugha nzima sitaki, umri umekwenda. Nipe maneno ya kuulizia tu, niende kwa yule mwalimu kwa miguu yangu, nimuulize mtoto wangu amekosa nini.

Naona haya kukuomba. Mimi ndiye niliyekucheka ulipochagua Kifaransa chuoni, nikakuuliza utamsalimia nani, mbuzi? Nisamehe kwa hilo.

Mama asijue.

Ni mimi kaka yako.


2 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua imenifika jana kupitia kwa mkuu wa shule, ambaye aliigeuzageuza kama anatafuta mahali pa kuchungulia. Mama hajambo, magoti yake yanalalamika siku za mawingu tu. Mimi nina mafua, ya chaki nadhani. Nilitaka kusema mbusu Redio kwa niaba yangu, halafu nikakumbuka kwamba kwake yeye hujapata barua yoyote.

Kucheka nimecheka. Lakini kaka, nilikuwa najua. Ulipokuja likizo na kumwaga Kifaransa pale mezani, Mama akakurukia kukukumbatia, mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Ulimwambia Mama, kwa sauti ya balozi, "Lete gundi, imepinda, inua kona." Nilikimbilia jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Nilinyamaza kwa sababu Mama alikuwa amefurahi mno, na kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Labda sikukutendea haki kwa kunyamaza.

Haya, chukua kalamu. *Qui* ni nani, litamke "ki". *Où* ni wapi, nalo ni "u" tu, kama mtu aliyechomwa na kitu. Hilo lingekuokolea jiko. *Quand* ni lini: sema "ka" lakini itokee puani, na *comment*, yaani vipi au namna gani, ni "koma" ya puani vilevile. *Quoi* ni nini, "kwa". Ukiliona limeandikwa *que* mwanzoni mwa swali ni lilelile. *Combien* ni ngapi, "kombia". La mwisho ni *pourquoi*, "purkwa", kwa nini. Hilo liogope kidogo, maana wanaoulizwa hujibu kwa kirefu. Ukikwama kabisa, tanguliza "eske", *est-ce que*, mbele ya sentensi yoyote unayoijua, itageuka swali. Na usiumize kichwa neno likae mbele au nyuma. Wenzako kazini wanaliweka mwishoni kama sisi tunavyosema "unakwenda wapi", na wanaelewana.

Kila siku muulize mtu mmoja swali moja. Anza na mwuza mkate, dereva wa basi, huyo mtunza stoo. Halafu nenda kwa mwalimu, sema: *Pourquoi le trente avril?* Purkwa le trant avril, kwa nini tarehe thelathini Aprili. Usingoje uwe mjuzi. Nenda wiki hiyohiyo utakayoipata barua hii, tarehe isije ikakukuta umekaa.

Mbuzi anakusalimu. Anasema *bonjour*.

Mdogo wako, ambaye sasa ni mwalimu wako.


24 Februari

Mwalimu wangu, mdogo wangu,

Marahaba. Habari za Mama, habari za mafua? Huku tunaumwa aibu tu, magonjwa mengine hakuna.

Nianze na mazuri. Barua yako niliisoma stoo, nimesimama nyuma ya mifuko ya saruji. Siku hiyohiyo nikaanza. Nilimwendea mtunza stoo nikamwambia, *Où sont les croisillons?* Hivyo ni vile vimsalaba vya plastiki tunavyotenganishia vigae. Mzee alidondosha penseli. Miaka saba hajawahi kusikia swali kutoka kwangu, nilikuwa naingia mwenyewe napekua rafu hadi nipate. Alinishika mkono akanipeleka hadi vilipo. Nilitoka na mfuko wangu wa vimsalaba nimeubeba juu kama nimeshinda kikombe.

Kwa mwuza mkate niliuliza *c'est quoi*, hii ni nini, kwa kila mkate uliokuwa kabatini, mpaka foleni ikaanza kukohoa. Kituoni nikamuuliza mzee mmoja *quand*, basi linakuja lini. Alinijibu tangu nimuulize hadi basi lilipofika. Sikuambulia hata neno. Nikasema *oui*.

Sasa mabaya. Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikavaa lile koti langu la uenyekiti, nikaandika swali lako kwenye kiganja. Nikasimama getini hadi watoto walipotoka mapumziko. Mwalimu aliponiona alikuja haraka. Mdogo wangu, nilifungua mdomo niulize kwa nini, likatoka *Comment allez-vous?*, hujambo? Ndilo lililokuwa karibu. Alifurahi! Nadhani alisema moyoni kumbe huyu baba anajua. Akaanza kuongea, akaongea. Mwishoni akaniuliza kitu. Kwamba ni swali nilijua, maana sauti ilipanda, akanyamaza akiningoja. Nikasema *oui*. Akaniuliza tena polepole, mkono wake kifuani, ananitazama machoni. Nikasema *oui, oui, merci*, ndiyo, ndiyo, asante.

Uso wake ukashuka. Akanishika mkono kwa muda mrefu, kama mtu anavyompa pole mfiwa, akarudi ndani.

Nilipofika njiani nikafungua kiganja. Jasho lilikuwa limekula wino wote, pamebaki bluu tupu. Ningeweza kurudi. Geti lilikuwa bado wazi. Sikurudi, kwa sababu ningerudi kusema nini, kwamba yale yote niliyokubali sikuyasikia?

Nyumbani Redio akaniuliza koti la nini siku ya kazi. Nikamwambia kulikuwa na kikao cha umoja. Sasa mimi namdanganya yeye, yeye ananidanganya mimi, na wifi yako katikati anatuwekea chakula.

Sijui nimekubali nini. Niambie la kufanya.

Kaka yako, mwenyekiti wa kitu gani sijui.


13 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole sana. Wote wazima. Mama ameanza kuuliza mbona napata barua, nikamwambia ni za chama cha walimu.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Nilikupa maswali nikasahau kwamba mtu akiulizwa hujibu, na nilisahau kwa sababu ambayo sijawahi kumwambia yeyote. Miaka mitatu iliyopita shule yetu ilitembelewa na mgeni, Mfaransa wa kweli, wa kwanza kumwona kwa karibu maishani mwangu. Mkuu wa shule akanitanguliza mbele ya wanafunzi mia mbili. Mgeni akaniuliza swali. Kaka, lilikuwa swali la kitabuni, la *combien*, nimelifundisha mara mia: nimefundisha hapa kwa muda gani. Nililitambua usiku wa kuamkia siku ya pili yake, nikiwa kitandani. Pale jukwaani nilisikia kelele tu. Nikasema *oui*. Wanafunzi wakapiga makofi, maana walidhani nimejibu. Mgeni akatabasamu kistaarabu, akamgeukia mkuu wa shule. Tangu siku hiyo kila nikiandika *combien* ubaoni nageuza uso.

Kwa hiyo usinione mwalimu. Ninachokijua ni cha karatasi. Basi tutumie karatasi.

Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa. Nimeandika maswali yako yote kwa Kifaransa, nimeacha nafasi pana chini ya kila moja ili mwalimu aandike majibu. Mpe kalamu, mwache aandike, usimkatize. Lakini kabla hujampa, kuna sentensi moja ambayo lazima uitamke mwenyewe kwa mdomo. Nilitaka kuiandika juu ya ukurasa, nikaona hapana, ukimpa imeandikwa utakuwa umejificha tena. Ni hii: *Je ne parle pas français.* Je ne parl pa franse. Mimi sisemi Kifaransa.

Najua ni nzito. Mimi ninayekufundisha hata mbele ya mkuu wa shule sijaweza kuisema. Tarehe inakaribia, nenda.

Mdogo wako.


4 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Sisi tuna afya.

Barua yako ilikaa siku sita kwenye mfuko wa koti. Kila asubuhi naipapasa, kila jioni narudi nayo. Siku ya saba nikaenda na nguo za kazi, saruji magotini, ili nisipate pa kujidai.

Mwalimu alinipeleka darasani. Viti ni vya watoto, nilikaa magoti kifuani. Nikaisema. Niliisema nikitazama meza, ikatoka vibaya, nikairudia. Alivua miwani. Akakaa na yeye kwenye kiti cha mtoto. Nikampa ukurasa wako na kalamu, na alipoanza kuandika nikamwona anasimama katikati ya mstari, anaandika polepole, kama mtu anayejua kuwa kila neno litauma.

Mengine nilielewa palepale, maana alichora na kunionyesha ramani ukutani. Ipo shule ya bweni, mji mwingine, saa nne kwa treni. Ni ya lugha. Inachukua watoto ishirini tu kutoka mkoa mzima, na Redio alichaguliwa. Alichaguliwa kwa sababu yule mwalimu alimwona akiwasemea wazazi wageni pale shuleni, anaruka kutoka lugha hadi lugha bila kukwaa. Unaelewa? Kile nilichomtwisha mtoto wa watu ili mimi nisiaibike, ndicho kilichompa nafasi.

Nikaona mahali ameandika neno kukataa, nililijua kwa lile *non* lake kubwa. Nikauliza, *Qui?* Nani amekataa? Akafungua droo akatoa nakala ya karatasi. Saini ni yangu. Redio aliniwekea mezani mwezi wa kwanza, akasema ni ya chanjo. Mimi kila anachoniwekea nasaini. Mwalimu akaniambia taratibu, bila ukali, *Vous, monsieur.* Wewe. Hilo nilielewa bila kutafsiriwa.

Yaliyobaki kwenye ukurasa nilimpelekea katibu wa umoja wetu. Nikamwambia nisomee, sijui. Akanitazama kidogo, akasoma. Hivi ndivyo ilivyo. Ile karatasi ya kukataa mwalimu hakuiamini. Aliificha kwenye droo tangu Januari, akisema baba mwenyewe hajaja, nitamngoja baba, tarehe ya mwisho ni thelathini Aprili. Baba akaja. Akamuuliza usoni, mara mbili: ni kweli hutaki mtoto aende? Baba akasema *oui, oui, merci.* Kesho yake mwalimu akaituma. Tarehe kumi na mbili Machi nafasi ikapewa mtoto mwingine.

Yaani nisingekwenda kabisa ingekuwa bado ipo.

Niliuliza *combien*, zimebaki nafasi ngapi. Akaunganisha kidole na dole gumba, sifuri. Niliuliza *quand*, lini tena. Akaandika 15. Akifika miaka kumi na mitano anaweza kujaribu.

Jioni nikamkalisha Redio. Sikutaka kumuuliza kwa lugha yetu, angenipiga chenga kama siku zote. Nikamwambia, *Pourquoi?* Alishtuka, hajawahi kusikia neno la Kifaransa likielekezwa kwake kutoka kinywani mwangu. Akajibu kwa Kiswahili. "Ni mbali, Baba. Nani atakuwa anakusemea? Na Mama akiugua, daktari atamwambiaje?" Alisema kama mtu anayepanga kazi za nyumba. Hakulia. Wifi yako ndiye aliyelia.

Kuna jambo moja sijamwambia hata wifi yako. Mwalimu alipounganisha vile vidole, sifuri, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Nilipumua. Nilisema, afadhali, atabaki. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili, halafu nikajiona. Nimekaa kwenye kiti cha mtoto, mtoto wangu amenyang'anywa, na mimi nashukuru. Sina uso wa kumtazama Redio tangu siku ile, ingawa hajui.

Kaka yako.


21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kwenye korido ya shule, kengele ikalia nikashindwa kuingia darasani.

Sitakuambia usijilaumu. Na mimi nimo humo ndani. "Nenda wiki hiyohiyo," nani aliandika?

Ulinikataza kumwambia Mama. Alinikuta nimelala mchana nimejifunika shuka kichwani, akauliza, nikamweleza yote, tangu mwanzo.  Halafu akauliza, "Yale maneno ya mezani, sasa, yalikuwa yanasema nini?" Nikamwambia, lete gundi, imepinda. Alicheka hadi akashika mbavu, na katikati ya kicheko nikaona machozi yanatoka, sikujua ni ya upande gani. Akasema, "Mwambie kaka yako amwache mtoto apumzike."  Ameenda kuanika nguo.

Kuhusu ile nafuu yako, sijui la kuisemea. Nashukuru umeniambia mimi.

Mdogo wako.


2 Julai

Kaka,

Mbona kimya? Jumapili kwenye simu unasema "wazima, wazima" kisha unampa wifi. Redio naye anajibu kwa neno moja moja, redio gani hiyo imeishiwa betri. Kama umenikasirikia kwa sababu ya Mama, nikasirikie kwa maandishi.

Mimi nimefanya kitu. Nimesimama mbele ya darasa langu nikawaambia kwamba Kifaransa cha kusikia sikijui, nakijua cha kusoma. Mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, tutajifunza wapi kusikia?" Nikasema sijui. Walinitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko wangenicheka.

Niandikie.

Mdogo wako.


19 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba zote ulizonidai. Tuko salama wote watatu, na tunamshukuru Mama kwa ule ujumbe, ingawa umenichukua miezi kuutekeleza. Sikukasirika. Nilikuwa sina la kuandika ambalo halingekuwa ahadi, na ahadi zangu mimi mwenyewe nilikuwa nimezichoka.

Uenyekiti nimeuacha. Niliwaeleza watu kwenye kikao sababu yenyewe, bila kuipaka rangi. Wapo waliocheka, mmoja hadi leo akiniona ananipigia saluti anasema *oui*. Anastahili kucheka, nilimpeleka ofisini mara nne nikiwa sijui kitu.

Jumamosi naenda darasani, chini ya maktaba. Mimi ni wa pili kwa umri, na wa mwisho kwa akili. Wifi yako anakuja pia, na amenipita.

Redio nilimwomba msamaha. Nilimwambia yote, na ile nafuu pia. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile sentensi ya mwalimu.  Wiki tatu hakunisemesha zaidi ya shikamoo, na nikasema moyoni ana haki. Ndizo zile Jumapili ulizomsikia ameishiwa betri. Kisha nikamwekea sharti moja: hatafsiri tena. Si kwangu, si kwa mama yake, si kwa mgeni. Hata nikikwama, hata nikimwangalia kwa jicho la kuomba, anyamaze. Alinikatalia mwanzoni. Akasema, "Utatuaibisha." Nikamwambia ndiyo, nitawaaibisha.

Mwishoni mwa Agosti tulikwenda kumwandikisha sekondari, hii ya kawaida, ya mtaani kwetu. Foleni ndefu, karani mmoja nyuma ya kioo. Nikamuuliza masomo yanaanza lini, kisha mlango wa kuingilia ni upi. Akasema *Pardon?* Nikarudia. Akasema *Pardon?* tena, akasogeza sikio. Watu nyuma wakaanza kubadilisha miguu. Palikuwa na wasichana wawili wa umri wa Redio, wakasukumana viwiko, wakacheka kwa kufunika midomo.

Nikamtazama Redio. Lile neno alikuwa nalo, nililiona limemjaa mashavuni. Alitazama viatu vyake. Masikio yalimwiva. Halafu akajisogeza pembeni hatua moja, ya pili, akaenda kusimama kwenye ubao wa matangazo, akajifanya anasoma, kama mtu aliyekuja na watu wengine. Alikuwa anaona aibu kuwa na mimi.

Mdogo wangu, zamani ningetamani ardhi ipasuke. Siku ile nilisema moyoni, mwache. Ana miaka kumi na miwili. Wenzake wote wa umri huo wanaona aibu kutembea na baba zao, yeye peke yake alikuwa hajapata nafasi, kazi zilimzidi. Sikumwita.

Nikamgeukia karani, nikauliza tena.

Kaka yako.